Viraka vinavyong'oka na lundo la lami kuukuu: pa kuanzia ni wapi?

Swali: Ninasimamia matengenezo ya barabara za manispaa. Kila baada ya mvua tunaziba mashimo yaleyale, na mkandarasi anatushauri tukwangue lami yote tuweke mpya. Uwanjani tuna lundo kubwa la lami ya zamani ambalo hatujui tulifanyie nini. Tunataka kupunguza taka bila kuharibu barabara. Tuanzie wapi? Na kuchanganya plastiki chakavu kwenye lami kunafaa?

Jibu:

Ndugu msimamizi, anzieni kwa kujua ni tabaka gani limeharibika. Sehemu kubwa ya taka za barabara za mjini hutokana na kutibu tabaka lisilo na ugonjwa. Mara lami nzima inakwanguliwa ilhali uchakavu uko kwenye milimita 20 za juu tu. Mara lami mpya inamwagwa juu ya msingi ulioloa, na baada ya misimu miwili ya mvua inang'olewa yote. Kwa vyovyote vile, mzigo huishia kwenye lundo hilo mlilo nalo.

Pigeni hesabu muone ukubwa wa jambo. Barabara ya kilomita 1 yenye upana wa mita 7, ikikwanguliwa milimita 40, hutoa mita za ujazo 280. Mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.35 hivi, kwa hiyo mna takriban tani 660 za kubeba, kumwaga na kununua upya. Karibu 5% ya uzito huo, yaani tani 33, ni bitumini, ule weusi unaogandisha kokoto, na ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Barabara hiyohiyo ikiwa bado nzima lakini ina mita 2,000 za nyufa, kuziziba kunahitaji takriban nusu tani ya kizibo. Tofauti hiyo, tani 660 kwa nusu tani, haipatikani kwa teknolojia yoyote ya kurejeleza. Inapatikana kwa kuwahi tu.

Kusoma uharibifu

Tembeeni barabarani kwa miguu, ikiwezekana siku moja baada ya mvua, wakati nyufa bado zimeshika maji na zinaonekana vizuri. Nyufa ndefu zilizonyooka, au zinazokatiza barabara, kwa kawaida ni za uzee: bitumini imekauka na kupoteza mnato, au maungio ya lami hayakushindiliwa sawasawa. Ugonjwa huo uko juu. Kokoto zinazochomoka moja moja na kuacha uso wa kukwaruza nazo zinasema habari za tabaka la juu. Nyufa zilizosokotana kama ngozi ya mamba kwenye njia ya magurudumu ni jambo jingine kabisa. Hapo lami imekunjwa mara nyingi mno kwa sababu kilicho chini yake kimelegea, au yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko mzigo wake. Kuziba nyufa hizo ni kutupa kizibo.

Mabonde ya magurudumu yanahitaji jicho zaidi. Kama kingo za bonde zimevimba juu, mchanganyiko wa lami wenyewe unasukumwa pembeni. Ulikuwa laini au ulizidishiwa bitumini. Kama bonde ni pana na kingo hazikuvimba, msingi au udongo wa chini ndio unaodidimia.

Kisha chimbeni mashimo ya majaribio mawili kwa kila kipande cha barabara, moja palipoharibika na jingine palipo pazima. Ulinganisho wa mashimo hayo mawili una faida kuliko mashimo kumi yote ya pabaya. Mraba wa nusu mita unatosha. Pimeni unene wa kila tabaka, tazameni kama kokoto za msingi zimechanganyika na tope lililopanda kutoka chini, na chukueni sampuli ya unyevu. Pigeni fimbo ya koni, ile yenye nyundo ya kilo 8 inayodondoka kutoka milimita 575, mhesabu milimita zinazozama kwa kila pigo. Nambari ikibadilika ghafla, mmefika kwenye tabaka dhaifu. Kazi hii ya asubuhi moja ndiyo itakayoamua kama mkandarasi wenu ana haki ya kukwangua au la. Na kumbukeni kwamba anayelipwa kwa tani hana sababu ya kupendekeza kazi ya kilo.

Maji kwanza

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa kizibo, zibueni mitaro. Barabara inapaswa kumwaga maji kwa mteremko wa 2 hadi 2.5% kutoka katikati kwenda ukingoni, na maji yakifika ukingoni yawe na pa kwenda. Maji yaliyotuama hupenya kwenye ufa, gurudumu likipita huyashinikiza kwa nguvu, na shinikizo hilo hubandua bitumini kutoka kwenye kokoto. Yale yanayofika kwenye msingi huuondolea nguvu zake. Hii ndiyo sababu mashimo yenu hurudi mahali palepale: kiraka kipya kimekaa juu ya msingi uleule uliolowa, chini ya mtaro uleule ulioziba.

Kukwangua kuna wakati wake halali, nao pia unahusu maji. Mawe ya ukingo yenye kimo cha milimita 150 yakimezwa na matabaka mawili ya milimita 40, yanabaki na milimita 70, na mvua kubwa inaingia kwenye nyumba za watu. Hapo kwangueni, lakini kwa kina kile tu kinachorudisha kimo.

Nyufa

Ufa wenye upana chini ya milimita 3 haupokei kizibo. Kama ni nyingi, zinafaa kufunikwa kwa tabaka jembamba la uso. Wa milimita 3 hadi 20 ndio wa kuzibwa. Panueni mdomo wake kwa mashine uwe na upana na kina cha milimita 12 hadi 20, puliza kwa hewa iliyoshinikizwa mpaka kuta ziwe kavu na hazina vumbi, kisha mimina kizibo cha moto chenye mpira. Vizibo vingi humiminwa kwenye nyuzijoto 180 hadi 200 za Selsiasi. Fuateni kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kizibo kilichochemshwa kupita kiasi, au kilichopashwa leo, kikaachwa, kikapashwa tena kesho, hupoteza mvutiko na kung'oka kama kamba. Sababu ya pili ya kung'oka ni unyevu kwenye kuta za ufa. Msikirundike juu ya uso pia, maana hunaswa na matairi na huteleza kwa waendesha pikipiki. Kipindi kizuri ni cha ukavu wenye ubaridi kiasi, ufa ukiwa umefunguka wastani.

Kiraka kinachokaa

Wakati wa ukavu, kateni mraba au mstatili unaoingia sentimita 10 hadi 15 ndani ya lami nzima, kuta zikiwa wima. Kingo zilizolala humaanisha lami nyembamba ukingoni, na lami nyembamba huvunjika kwanza. Ondoeni kila kilicholegea. Kama msingi umelowa, utoeni, rudisheni kokoto kavu na mshindilie. Pakeni emalshani, yaani bitumini iliyosagwa kuwa chembe ndogo ndani ya maji, chini na kwenye kuta kwa kiasi cha lita 0.3 hadi 0.6 kwa mita ya mraba. Subirini igeuke kutoka rangi ya kahawia kuwa nyeusi. Ikiwa bado kahawia, maji hayajatoka na lami haitashika. Jazeni kwa matabaka yasiyozidi milimita 50 hadi 75, mkishindilia kutoka kingo kwenda katikati, na mwisho kiraka kiwe juu ya barabara kwa milimita 3 hadi 6 ili magari yakimalizie. Kazi yote ya kushindilia iishe kabla lami haijashuka chini ya nyuzijoto 85 hivi. Chini ya hapo rola inapita juu bila kubana kitu, nafasi za hewa zinabaki nyingi, na zikizidi 8% maji hupita ndani.

Shimo dogo kuliko bamba la mashine ya kushindilia lishindiliwe kwa nyundo ya mkono yenye uso bapa. Bamba kubwa hukaa juu ya kingo za lami ya zamani na kuiacha ile mpya laini katikati. Kosa hili ni la kawaida mno, na halionekani mpaka mvua inyeshe.

Taka nyingine isiyohesabiwa ni lami ya moto inayobaki jioni, ikapoa ndani ya lori na kumwagwa kando ya barabara. Dawa yake ni kupima mashimo siku moja kabla. Shimo la mita 1 kwa 0.6 lenye kina cha milimita 80 hula mita za ujazo 0.048, yaani kilo 113. Jumlisheni mashimo yote, ongezeni 5%, agizeni hicho tu, na msafirishe kwenye sanduku lililozuiwa kupoteza joto.

Mvua ikiwa inanyesha na shimo ni hatari kwa watu, msisubiri ukavu. Majaribio makubwa ya SHRP, mpango wa utafiti wa barabara kuu huko Marekani, miaka ya 1990, yalionyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: kiraka cha haraka, kinachomwagwa shimoni na kushindiliwa kwa magurudumu ya lori, kilidumu karibu sawa na kile cha kukatwa mraba, mradi mchanganyiko uliotumika ulikuwa bora. Kilichoangusha viraka ni lami baridi hafifu, yaani ile ya mifuko inayotumika bila kupashwa moto. Kwa hiyo msipunguze gharama kwenye mchanganyiko. Gari, wafanyakazi na kufunga njia hugharimu zaidi ya mfuko wenyewe, na kila kurudia ni kilo nyingine mia za taka.

Mitaro ya mabomba na nyaya

Hapa miji hupoteza barabara nzima nzima. Lami ya miezi sita inakatwa kupitisha bomba, udongo unarudishwa kwa mkupuo mmoja, na baada ya muda mtaro unadidimia. Kifusi kirudishwe kwa matabaka ya milimita 150, kila moja likishindiliwa na kupimwa. Baada ya hapo lami ikatwe tena kwa upana wa milimita 150 hadi 300 zaidi kila upande, kwa sababu kuchimba hulegeza kingo, na kiraka lazima kikalie ardhi isiyoguswa. Wekeni ratiba moja ya wenye mabomba, umeme na mawasiliano ili wachimbe kabla ya lami mpya. Jiji la New York hulinda barabara iliyowekwa lami upya kwa miaka 5: atakayetaka kuichimba anahitaji kibali maalumu na hukabiliwa na masharti magumu zaidi ya kuirudishia.

Kwenye mitaa myembamba na njia za waenda kwa miguu ambako kuchimba hakuishi, fikirieni matofali ya pevingi: milimita 60 kwa watu, 80 kwa magari, juu ya mchanga wa milimita 25 hadi 30. Huinuliwa, hupangwa pembeni, hurudishwa. Yanachohitaji ni ukingo imara wa kuyabana na mchanga mkavu kwenye viungo vya milimita 2 hadi 5. Viungo vikiwa vitupu, matofali hutembea.

Lundo lenu

Lundo hilo ni akiba ya kokoto nzuri na bitumini, lakini kwa sasa hamjui ni akiba ya namna gani. Litengeni makundi matatu: lami iliyokwanguliwa kwa mashine, mapande ya kuvunjwa, na kile kilichochanganyika na udongo, matofali au takataka. Kundi la tatu halirudi kwenye lami kamwe.

Jambo la usalama kwanza. Barabara za zamani sana huweza kuwa na lami iliyotokana na makaa ya mawe, yenye kemikali zinazosababisha saratani. Nyunyizieni pande lililovunjwa rangi nyeupe ya kopo. Rangi ikigeuka manjano au kahawia, au pande likitoa harufu kama ya naftalini, litengeni na mlipeleke maabara. Lami hiyo haipashwi moto kwa hali yoyote. Uholanzi imezuia kabisa kuirudisha barabarani na huiteketeza sumu yake kwenye tanuru maalumu.

Iliyo safi ipondwe na kuchekechwa iwe malundo mawili, la chembe chini ya milimita 10 na la kubwa zaidi. Chembe ndogo hubeba bitumini nyingi kwa uzito wake, na zikichanganywa ovyo hamtaweza kudhibiti mchanganyiko. Pimeni bitumini na ukubwa wa chembe kwa sampuli moja kila tani 1,000, na kwa lundo dogo zisipungue sampuli kadhaa kutoka pande tofauti. Chimbeni ndani kabla ya kuchota. Juu hujifanya ganda gumu la sentimita 20 hadi 30, ambalo koleo la mashine hulivunja bila shida. Kinacholigandisha lundo lenyewe ni tingatinga kulipanda. Liwekeni juu ya sakafu yenye mteremko, chini ya paa. Msilifunike kwa turubai, kwani mvuke hunasa chini yake na kulilowesha. Kila 1% ya unyevu huongeza mafuta ya kukaushia kwa karibu sehemu ya kumi, na maji ndiyo mara nyingi huweka kikomo cha lami kuukuu inayoweza kuingia kwenye mtambo wa kuchanganyia lami.

Kwenye lami ya moto, hadi 15% ya lami kuukuu kwa kawaida haihitaji mabadiliko ya daraja la bitumini, yaani kiwango cha ugumu wake. Kati ya 15 na 25%, tumieni bitumini mpya iliyo laini zaidi kwa daraja moja, maana ya zamani imekakamaa. Kupita hapo, maabara itengeneze hesabu ya mchanganyiko, pengine pamoja na kiowevu cha kulainisha, na mtambo uwe na uwezo wa kuipasha bila kuigusisha moto. Lami kuukuu ikipita kwenye mwali, bitumini huungua na kutoa moshi wa samawati. Inapaswa kupata joto kutoka kwa kokoto mpya zilizopashwa zaidi. Anzieni na 20%. Kwa ile kilomita moja ya tani 660, hizo ni tani 132 zisizochimbwa machimboni, na hadi tani 6 hivi za bitumini, ingawa si yote itakayoyeyuka na kuungana na mpya.

Kama mtambo wa karibu haupokei lami kuukuu, ichanganyeni baridi kwa emalshani na mjengee msingi wa mitaa ya magari machache, kisha mfunike kwa tabaka jembamba. Kuitandaza kwenye mabega ya barabara kama kifusi liwe chaguo la mwisho, kwa sababu bitumini yake haifanyi kazi hapo. Msijengee msingi kwa lami kuukuu tupu isiyofungwa, kwani hutambaa polepole chini ya mzigo. Angalau nusu iwe kokoto mpya.

Pale ambapo mashimo ya majaribio yameonyesha msingi umekufa, kuna mashine inayosaga lami na msingi palepale kwa kina cha milimita 100 hadi 250 na kuzifunga kwa lami ya povu. Bitumini ya nyuzijoto 160 hadi 180 hudungwa maji kidogo, hufura mara nyingi na kusambaa kwenye chembe ndogo. Kiasi cha kawaida ni bitumini 2 hadi 2.5% na saruji 1%. Mtu atawashauri muongeze saruji ili iwe ngumu; kataeni. Saruji ikizidi bitumini, tabaka hukakamaa na kupasuka. Hakuna kifusi cha kubeba, lakini mjini kuna kikwazo kikubwa: mabomba ya kina kifupi na chemba. Kila mfuniko lazima ushushwe na kuwekewa alama kabla, la sivyo ngoma ya mashine inaukuta.

Plastiki

Haipaswi kuwa hatua yenu ya kwanza. India wamejenga barabara nyingi kwa kufunika kokoto za moto kwa plastiki iliyokatwakatwa, kiasi cha 5 hadi 10% ya uzito wa bitumini, na njia hiyo inaweza kukakamaza lami dhidi ya mabonde. Lakini lazima plastiki ichambuliwe. PVC, ile plastiki ya mabomba, ikipashwa hutoa gesi ya asidi inayodhuru wafanyakazi. Aina zenye kiwango kikubwa cha kuyeyuka, kama za chupa za maji, haziyeyuki kwenye joto la lami, na barabara ikichakaa vipande vidogo huenda mitaroni. Pia mnaweza kulifanya lundo la kesho liwe gumu kurejelezwa. Unga wa matairi, unaochanganywa kwenye bitumini kwa 15 hadi 20%, una rekodi ndefu zaidi, lakini unadai mtambo wenye vichanganyio maalumu. Vyote viwili vije baada ya mitaro, nyufa na lundo.

Kwa wiki ya kwanza, fungueni daftari la viraka: mtaa na umbali kutoka alama isiyohama, tarehe, vipimo, kilo zilizotumika, hali ya msingi, na maji yalikotoka. Msimu ukiisha, panga kwa mahali. Penye viraka vitatu ndani ya mita tano, msitume tena gari la lami. Tumeni watu wawili na fimbo ya koni, na mtu wa tatu akazibue mtaro.